Mguu Uliokataa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Namsifu nikiwa nimesimama kwa miguu yote miwili, na aibu nitakayoisema ni yangu mwenyewe.

Mimi ni Zakaria, kuli wa pamba pale gatini Kisumu. Zamani nilijulikana kwa mpira tu. Sikuwa na Mungu, nilikuwa na mguu wa kulia! Siku moja, kwenye uwanja mkavu wa changarawe, beki wa timu ya Katito aitwaye Okelo aliniingia vibaya, goti likalia ka! Dresa wa hospitali aliyenifunga goti akaniambia nisahau mpira. Nikaapa kitandani: nitapona, na nikikutana na Okelo uwanjani nitamvunja mguu.

Wiki ya sita, nani anabisha hodi? Okelo mwenyewe! Akasema, "Zakaria, hiyo goti mimi ndio niliharibu. Sasa nitatembea na wewe mpaka ikimbie." Nikakubali upesi. Yeye alidhani nimemsamehe. Kumbe nanoa kisu kwenye jiwe lake!

Kila alfajiri alinishika mkono. Tulianza ziwani, maji yakiwa kiunoni. Kisha mchanga wa ufukoni. Kisha mashamba yaliyolimwa ya Kano, ule udongo mweusi unaong'ang'ania mguu. Ndugu zangu, nililia kwa maumivu, lakini sikukosa hata siku moja. Chuki ilinipa nguvu.

Nilipoweza kukimbia, bado Okelo alininyima mpira, akisema goti halijawa tayari kwa teke. Alinipeleka kwa fundi mmoja Kalasinga, Mhindi mwenye kilemba, aliyecheza hoki na wenzake kwenye nyasi. Katika hoki, mguu ukigusa mpira ni kosa! Mimi kila mara natupa teke. Fundi alifoka, "Hapana piga na mguu! Mguu iko ya kukimbia tu!" Miezi mingi kazi yangu ilikuwa kuuzuia mguu huu.

Ikafika mechi na Katito. Okelo akateleza mbele yangu, mguu wake umelala wazi, refa ametupa kisogo. Siku yangu hiyo! Nikanyanyua mguu. Ukakataa! Ukasimama hewani kama unaogopa kelele za fundi. Nikamruka, nikaanguka kifudifudi, nikalia mbele ya watu wote. Okelo akaja mbio kulishika goti langu, akiuliza kama ameniumiza tena. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipomwita Yesu, naye akanitoa chuki ile mpaka mzizi!

Namshukuru Mungu kwa maji, kwa mchanga, kwa matope na kwa fundi yule mkali. Na wewe unayemchekea mtu huku umemwekea siku yake, usingoje uinue mguu. Njoo kwa Yesu leo hii!

Okelo yuko pale, benchi la tatu. Ndugu yangu, haya umeyasikia leo kwa mara ya kwanza. Nisamehe.

Naona anasimama. Nipisheni, ndugu zangu, nimwendee.