Homa ya Mashine ya Buganguzi

Kitendawili, nitegulieni: mgonjwa wangu hana mdomo, lakini akipata homa Buganguzi, aliye Bukoba anajua.

Bibi Kokuhirwa alikitegua ndani ya basi la Muleba, akiwasikiliza vijana wawili wa kiti cha mbele, Evodia na Zahoro, waliofahamiana humo humo. Evodia alikuwa ametengeneza programu ya kupima joto la mashine ya kukoboa kahawa, akaiacha wazi ili yeyote aweze kuirekebisha. Kifaa cha majaribio kilishafungwa kiwandani Buganguzi, na mchana ule wakulima wangeamua kama wakichukue, maana msimu uliopita mota iliungua na kahawa yao ikaoza. Ya bibi ilikuwemo.

"Dada, lugha ya Python na hifadhidata ndogo ndani ya kifaa chenyewe?" Zahoro alicheka. "Hicho ni kidaftari. Siku hizi vipimo vinakwenda moja kwa moja kwenye seva ya mbali."

"Kaka, fundi wetu Elieza huandika kwanza kwa chaki mlangoni, ndipo apige simu. Nimemwiga yeye: kifaa huandika kwanza, ndipo kitume."

Walipopita Kemondo, simu ya Evodia ikaonyesha mtandao wa kiwandani umekatika.

"Haya, sasa nani anajua hali ya mashine?" Zahoro akauliza.

Evodia akaiweka simu pajani. Bibi akajikuta anamwombea.

Basi likiingia stendi ya Muleba, mtandao wa kiwandani ukarudi, simu ikalia mfululizo. Vipimo vyote vikaingia, hakikupotea hata kimoja: joto lilipanda, king'ora cha kifaa kikalia, Elieza akazima mashine, mota ikapoa.

"Waitu baba," bibi akamwita Zahoro kwa heshima ya Kihaya, akimgusa begani, "uliuliza nani anajua."

Zahoro akasoma vipimo kwenye simu ya Evodia, akatabasamu, akambebea Evodia begi.

"Kidaftari, bibi," akajibu.