Kimya cha Hesabu Nne: Maisha ya Elijah Mwadime Mwakio, 1951–2008

Wapendwa, ndugu, majirani na marafiki mliofika asubuhi hii katika uwanja wa makanisa hapa Ruwi, Muscat, kabla hatujataja tarehe na miaka, familia inawaomba mfumbe macho kidogo, mkione chumba kimoja cha ghorofa ya pili huko Darsait, Ijumaa moja ya Oktoba mwaka 1994, kinanda cha umeme kimewashwa juu ya meza ya kulia chakula, na baba mwenye nyumba, mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, amelala kifudifudi sakafuni, sikio limegusa saruji, kidole chake kinagonga polepole, moja, mbili, tatu, nne. Mkewe aliingia na sufuria ya wali, akasimama, akamuuliza, "Baba Ian, umeangusha nini?" naye akamjibu bila kuinuka, "Sijaangusha kitu. Nasubiri maji."

Huyo ndiye tunayemsindikiza leo.

Marehemu Elijah Mwadime Mwakio alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 karibu na Wundanyi, katika milima ya Taita, nchini Kenya, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mwakio Mwadime na marehemu Mama Mghoi. Nyumbani kwao shamba lilinyweshwa kwa mfereji unaoteremka kutoka juu mlimani, kila boma likiwa na zamu yake, na Mama Mghoi alikuwa akimtuma Elijah alale chini kando ya mfereji mkavu, aweke sikio kwenye udongo, asikilize kama maji yameshafunguliwa huko juu. Mtoto huyo alipenda sana kuimba, na mama yake alimkataza jambo moja tu, akimwambia, "Imba siku nzima, mwanangu, lakini maji yakiwa njiani nyamaza, maana ukiimba hutayasikia." Basi alijifunza kunyamaza na kuhesabu, na mara nyingi alipofika nne, alisikia mtiririko.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, akaendelea na sekondari hadi kidato cha pili mwaka 1968, na katika miaka hiyo alifundishwa kupiga kinanda cha kanisani, kile cha kukanyaga kwa miguu. Mwaka 1970 alikwenda Mombasa kujifunza ufundi wa redio, na tangu mwaka 1971 alifanya kazi mbili bila kuchoka, siku za kazi akitengeneza redio na kaseti, na mwisho wa juma akipiga kinanda katika bendi ya hoteli.

Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa takatifu na Priscah Wakesho, mwalimu wa chekechea, nao wakajaliwa watoto wawili, Ian, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1981, na Jackie, aliyezaliwa tarehe 30 Novemba 1985.

Mnamo Februari 1990 marehemu alikuja Muscat kwa mkataba wa kupiga kinanda hotelini. Tarehe 2 Juni 1992 Mama Mghoi alifariki dunia, na Elijah, ambaye pasipoti yake ilikuwa kwa mwajiri na likizo yake haijafika, hakuweza kwenda kumzika, akapiga muziki usiku ule kama usiku mwingine, na hakulizungumzia tena. Mwishoni mwa mwaka huo Priscah alipata kazi katika chekechea moja hapa mjini, watoto wakafuata, na mkataba wa hoteli ulipokwisha mwaka 1993, marehemu akaajiriwa katika duka la ufundi wa redio huko Darsait, ambako alikaa hadi afya ilipomshinda.

Wengi wenu mlimfahamu pale kwenye meza yake, penseli moja sikioni, kaseti imefunguliwa mbele yake kama samaki. Jirani yake, Bi Mahfoudha, alikuwa akimletea kaseti zake za taarab zilizotafunwa na redio, akizimwaga mezani na kusema, "Daktari, leo nna mgonjwa mwengine, na huyu usinambie kafa." Marehemu alikata kipande kilichoharibika, akaunga ncha mbili kwa selotepu, akairudisha kaseti ikiwa hai, ila pale palipoungwa pakawa na kimya kidogo. Ian alipofika umri wa kushika bisibisi alikaa karibu na baba yake, na baba yake akamfundisha kanuni ya meza ile, kwamba ukisikia kimya katikati ya wimbo, ujue pamekatwa, na palipokatwa, fundi hapaachi wazi. Tunaomba muishike kanuni hiyo, kwa sababu kila kilichofuata kilitoka hapo.

Mwaka 1994 alifika dukani Bwana Thabit, mwajiriwa wa ofisi ya serikali, mzaliwa wa Unguja, ambaye yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza filamu kwa juhudi zao wenyewe siku za mapumziko, filamu waliyoiita Mgawa Maji, inayomhusu mzee wa kijiji cha milimani anayegawa maji ya falaji, ile mifereji ya kale ya huku, wakati wa ukame. Bwana Thabit alimsikia Elijah akijaribu kinanda alichokitengeneza, akakaa chini, akasema, "Wapiga fidla sina, mpiga udi kanikimbia, nna wewe tu, ndugu yangu." Akamsimulia habari za mzee yule anayeinama na kutega sikio kwenye mfereji, na Elijah akaweka bisibisi chini, kwa sababu kwake ilikuwa kama anasimuliwa habari za mama yake na mfereji wao.

Alitumia wiki sita. Alichotunga hakikuwa na maneno wala muimbaji, ni kinanda cha umeme peke yake, sauti nne ndogo zinazodondoka na kurudi, moja juu ya nyingine, kama tone linalotafuta njia, kisha katikati kila kitu kinasimama kwa hesabu nne kamili, na baada ya nne sauti zote zinarudi kwa pamoja, zikijaa. Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza Februari 1995 katika ukumbi wa klabu moja, mzee wa kwenye filamu akatega sikio, muziki ukanyamaza, na Priscah alishuhudia kwamba ukumbi mzima ulizuia pumzi. Alipomshika mumewe mkono aliukuta umelowa machozi, na hapo ndipo alipoelewa kwamba mazishi ya Mama Mghoi yalikuwa yanafanyika usiku ule, miaka miwili na nusu baadaye. Watoto hawakuambiwa. Marehemu hakuwa mtu wa kueleza, na hilo alilijutia mwenyewe kabla sisi hatujalisema.

Nyumbani palikuwa na kaseti moja tu ya muziki huo, nayo mwaka 1998 ilitafunwa na redio, marehemu akaiunga kwa selotepu karibu na katikati, ikaendelea kucheza.

Ian alikua, akajifunza kompyuta, na mwaka 2003, akiwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, aliamua kumpa baba yake zawadi, akaichukua kaseti ile ya zamani, akaiingiza kwenye kompyuta, akaongeza mwendo, akaweka ngoma za kuchezeka. Alipofika katikati alikuta kimya, akaifungua kaseti, akaona selotepu kwa macho yake, akasema moyoni, hapa pamekatwa. Ilikuwa siku za kuamkia Idi Kubwa, na uani kwa Bi Mahfoudha palikuwa na mbuzi aliyefungwa, mwenye sauti kubwa kupita kiasi, basi Ian akamrekodi, akamweka pale patupu, mbuzi akajaza hesabu zote nne.

Hakuna aliyetegemea yaliyofuata. Ian aliwapa rafiki zake nakala, na katika wiki chache wimbo ukaitwa Mbuzi wa Darsait, ukachezwa kwenye mabasi madogo ya Wadi Kabir, kwenye gereji, kwenye harusi na sherehe za watoto, watu wakiweka vidole kichwani kama pembe na kurukaruka, ukawa hata mlio wa simu, na Ijumaa moja mbuzi yule alilia katikati ya sala ndani ya kanisa hili, mfukoni mwa mzee wa kanisa, huku marehemu, aliyekuwa mpiga kinanda wetu, akiwa ameketi kwenye kinanda chake. Waumini walicheka, na Bi Mahfoudha, alipohadithiwa, alisema, "Yule mbuzi tushamla zamani, na bado anapiga kelele!"

Marehemu hakucheka. Ian alipomletea sidii na kumwambia kwa furaha, "Baba, ilikuwa na shimo katikati, nimeliziba," baba yake aliisikiliza mpaka mwisho, akaizima, akasema, "Ulikuta kimya, hukuuliza." Kisha akafunika kinanda cha nyumbani kwa shuka. Priscah ndiye aliyemweleza mwanawe habari za bibi yake na mfereji, na Ian alizunguka duka kwa duka akiwasihi wenye maduka wauondoe wimbo, wakamcheka, wakamwambia, "Kijana, huu si wako tena, huu ni wa mbuzi." Akahamia chumba cha kupanga Wadi Kabir, na kwa miaka miwili alikuwa akija Ijumaa, anakula, anashukuru, anaondoka, baba na mwana wakizungumza habari za joto na za gari. Familia haifichi jambo hili, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza lisomwe.

Alhamisi ya tarehe 17 Machi 2005, Jawaher, mjukuu wa Bwana Thabit, alitimiza miaka saba, na babu yake akamwomba Elijah apige kinanda kwenye sherehe nyumbani kwao Azaiba. Watoto walikuwa kama thelathini, na wote walitaka kitu kimoja. Jawaher alimvuta kanzu babu yake, akasema kwa sauti kila mtu asikie, "Babu, mwambie Ami atupigie Mbuzi, kama hapigi, keki sikati!" Marehemu alivuta kinanda karibu, akaanza kupiga, si wimbo wa mwanawe, bali wake mwenyewe, ila kwa mwendo wa haraka kidogo, na watoto wakaruka na pembe zao. Alipofika katikati akanyamaza, kama alivyoutunga.

Hapo watoto walisimama. Walikuwa wanamngoja mbuzi, mikono juu, mguu mmoja umeinuliwa, watoto thelathini bila kukohoa, wamekaza masikio, na marehemu alisema baadaye kwamba alisikia maji ya bomba yakidondoka kwenye maua upande wa pili wa ukuta. Alihesabu, moja, mbili, tatu, nne. Na mbuzi hakuja, kwa hiyo Jawaher mwenyewe akalia, "Meee!" na kinanda kikarudi chote kwa pamoja, na Bwana Elijah alicheka mpaka akavua miwani.

Hakurudi nyumbani. Aliteremka Wadi Kabir, akagonga mlango wa Ian, akamwambia, "Mbuzi wako amewafundisha watoto kusubiri vizuri kuliko mimi nilivyoweza," kisha akaongeza, "Na ile kanuni ya kimya ni mimi niliyekufundisha. Ulifanya kazi kama fundi. Mimi ndiye sikukuambia." Waliunywa mkebe mmoja wa soda wakiwa wamekaa kitandani, kwa kuwa viti havikuwepo, na wiki iliyofuata Ian akarudi kukaa Darsait.

Mwezi Septemba 2006 marehemu aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, Ian akimpeleka na kumrudisha. Katika siku alizopata nguvu, kati ya Machi na Juni 2007, wawili hao waliurekodi upya muziki wa Mgawa Maji, kwa mwendo wake wa asili, na Ian ndiye aliyepima kile kimya, akikipima kwa kugonga kidole, si kwa kompyuta, kwa sababu baba yake alisema kompyuta haijawahi kusubiri maji. Hali yake ilibadilika mwishoni mwa Oktoba mwaka huu. Jumanne ya tarehe 11 Novemba 2008, saa nne asubuhi, akiwa na mkewe upande mmoja na mwanawe upande wa pili, aligonga kidole kwenye kiganja cha Ian, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, na mara ya nne ikagongwa na Ian.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miaka miwili, hasa wale waliomruhusu kuwapigia wagonjwa wenzake kinanda kidogo akiwa kwenye mashine, wafanyakazi wenzake wa dukani walioshika meza yake bila kumwondolea penseli, majirani wa Darsait, na Bi Mahfoudha aliyepika siku tatu mfululizo na kukataa kukaa kitini, ndugu yetu Thabit na nyumba yake yote ya Azaiba, mchungaji na waumini wa kanisa hili, na Wakenya wote wa Muscat waliosimamia safari ya mwili, ambao utaondoka Jumatatu kuelekea nyumbani, akazikwe Wundanyi tarehe 22 Novemba, kando ya ule mfereji, karibu na mama yake ambaye hakuwahi kumzika.

Ameacha mjane, Priscah, watoto wawili, Ian na Jackie, na watoto wengi sana wasiomjua kwa jina.

Elijah, mwana wa Mwakio na Mghoi, zamu yako imefika, lala salama, upumzike kwa amani ya Mungu.

Sasa Ian atauweka muziki wa baba yake. Marehemu aliagiza kwamba watoto waliopo wasizuiwe, na anayetaka kulia kama mbuzi alie, hata hapa, hata leo. Ila tunawaomba, wakubwa kwa wadogo, mkumbuke jambo moja: muziki ukinyamaza, haujakatika, hesabuni kwanza mpaka nne.