Darasa la Kiganjo Limepokewa

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Mchungaji na wazee wa kanisa mliotupa ukumbi huu, Mwenyekiti wa kamati ya ukumbi Mzee Githinji, Mwalimu Gachau ambaye tumekuja kumuaga, Mwalimu Dorine Nakhumicha ambaye tumekuja kumshangilia, wanafunzi wa Darasa la Kiingereza la Watu Wazima la Kiganjo, ndugu wageni waalikwa mliotoka hapa Thika na mliotoka Ruiru: hamjambo?

Mmeitika kama watu walioshinda, na kweli mmeshinda.

Naitwa Zacharia Maluki, mwandishi wa habari. Nimeombwa kusema kwa sababu Jumamosi ile kamati ilipoketi kuamua kama darasa hili litaishi au litafungwa, nilikuwa nimeketi pale nyuma karibu na dirisha. Sikuja kuhubiri, mhubiri tunaye. Nitasema nilichokiona na nilichokisikia, na pale nilipocheka nitakiri kwamba nilicheka.

Mwalimu Gachau alipotangaza kwamba macho yake hayamwezeshi tena kusoma maandishi ya wanafunzi, na kwamba anahamia shambani kwake Theta, ukumbi huu ulikuwa tayari na wachumba. Kwaya iliutaka. Shule ya chekechea iliutaka. Mzee Githinji hakuzunguka mbuyu. Alisema darasa lisilo na mwalimu ni viti tu. Kisha akatoa nafasi moja: Mwalimu amtaje wa kumrithi, mrithi huyo afundishe somo moja mbele ya kamati, na wanafunzi wenyewe waseme kama watabaki. Wasipobaki, ukumbi unakwenda kwa wengine.

Niwaulize, ndugu zangu: mama anayetoka kiwanda cha nyuzi amechoka, mwenye akili ya kusimamia wenzake lakini hana Kiingereza cha kujibu maswali ya mahojiano, angekwenda wapi tena afundishwe bila kuulizwa aliacha shule darasa gani? Mimi ninaujua mji huu, na mahali hapo sipajui.

Jioni moja darasani, nami nikiwepo, Mwalimu akamtaja Dorine.

"Dorine gani?" aliuliza Beth, ambaye wengi wetu tunamwita Mama Becky, fundi wa nguo aliyefanya kazi kiwandani miaka mingi kabla ya kununua cherehani yake. "Huyu wetu?"

"Huyu wenu," akajibu Mwalimu.

"Si huyu alikuwa anakaa nyuma yangu akiniuliza spelling? Na anatoka Ruiru! Ruiru watu huenda kulala tu, asubuhi wanatoka. Mwalimu atoke huko aje kufunza Thika?"

Chege, ambaye ni mwendesha boda boda na hajawahi kuona ugomvi akaupita, akadakia: "Kwani wewe hulali, Mama Becky?"

"Nyamaza, Chege. Mimi nalala Thika."

Hapo nilicheka.

Lakini tusimdhulumu Mama Becky, maana alikuwa na hoja. Dorine alianza kama opereta wa mashine, akasoma katika viti hivi hivi, akapata kazi ya usimamizi kiwandani, na sasa alikuwa anaombwa asimame mbele ya watu waliomwona akikosea. "Nilikuja kufunzwa na mwalimu," alisema Mama Becky, "sikuja kufunzwa na mtu tuliyekuwa tunafunzwa pamoja." Vichwa kadhaa vilitikisika kukubaliana naye. Niliviona.

Jumamosi ikafika. Kamati ilipanga viti mbele. Dorine akaandika ubaoni maneno mawili madogo ya Kiingereza: "take over".

Wageni ambao Kiingereza si chakula chenu cha kila siku, msiogope. Ni kitenzi kinachosikika kila mahali, na kina kazi nyingi. Dorine alianza na ile iliyo karibu: kupokea kazi aliyokuwa akiifanya mtu mwingine, kama opereta anayeingia zamu anavyompokea anayetoka. Akaendelea na kutwaa udhibiti, kama kampuni kubwa inavyoinunua ndogo na kesho yake bango la getini ni jingine. Akafika kwenye ile ya kumtawala mtu moyoni, kama hofu inavyokushika mbele ya wanaokuhoji hadi ukasahau jina la baba yako. Akamalizia na kitu kipya kuchukua mahali pa cha zamani. Kisha akafunga kitabu, akasema hataki mifano ya London, anataka ya Thika.

Sifuna, mpakiaji wa mizigo kiwandani, akanyanyua mkono: "Rentals have taken over the coffee."

Watu wa Theta waliguna. Hawakuhitaji kufafanuliwa, walishayaona mashamba ya kahawa yakigeuka nyumba za kupanga.

"Madam," akasema Chege, "my wife has taken over my phone."

Mke ametwaa simu! Ukumbi ukavunjika mbavu, hata Mchungaji. Dorine alingoja kicheko kiishe, akauliza kwa upole: "From whom, Chege?"

"From me, Madam. Kwani nani mwingine?"

"Basi iseme yote. Mtu hupokea kutoka kwa mtu."

Somo lilikuwa zuri. Hata mimi niliandika. Lakini kila Dorine alipomgeukia Mama Becky, alikuta mikono imekunjwa kifuani. "Leo mimi sisemi," alijibu, na mtu mwenye sauti kama yake akinyamaza, ukumbi mzima unasikia. Waliokaa karibu naye nao wakaanza kujibu kwa minong'ono, kisha wakaacha. Wanakamati wakatazamana.

Hapa lazima nieleze desturi moja ya kiwandani, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa lililofuata. Zamu zinapobadilishana, opereta anayetoka hasifu mashine. Anataja ubaya wake, mmoja baada ya mwingine: upande huu hukata uzi, mkanda ule hupata moto, chini hapa hutikisika. Anayeingia anarudia kila ubaya kwa mdomo wake mwenyewe. Mpaka arudie wote, haruhusiwi kugusa mashine, na anayetoka haruhusiwi kuondoka. Akiruka hata mmoja, walio karibu hupiga kelele, "Haijapokewa!" Wamejifunza kwa vidole vyao kwamba mashine iliyosifiwa ndiyo inayokata.

Dorine aliweka chaki mezani, akasema, "Mwalimu Gachau, nikabidhi darasa kama mashine."

Mzee akasimama polepole, akashika kiti kwa mkono mmoja.

"Darasa hili, mvua ikinyesha, huja nusu."

"Mvua ikinyesha, huja nusu," akarudia Dorine.

"Sifuna akikosea hakubali. Husema alikuwa anajaribu tu kama tuko macho."

"Sifuna akikosea hakubali."

"Chege hujibu kabla ya swali..."

"Hiyo ni speed, Mwalimu!" Chege akasema, na hakuna ushahidi mwingine uliohitajika.

"Chege hujibu kabla ya swali kuisha," akasema Dorine, kwa uso mkavu kabisa.

"Na Beth," akasema Mwalimu, "akikasirika hunyamaza. Akinyamaza, wengine huogopa kujibu."

Dorine alimtazama Mama Becky. Akawatazama wazee wa kanisa. Akainamisha macho, akasema, "Endelea, Mwalimu."

Mwalimu hakuendelea. Hakuketi pia. Kutoka viti vya nyuma sauti moja ikasema, kisha nyingi: "Haijapokewa! Haijapokewa!"

Ninamwelewa Dorine. Kwao magharibi mwa Kenya, alikozaliwa kabla ya kuhamia Ruiru, na hapa pia, mtu hamtaji mama wa watu kwa kasoro yake mbele ya wazee. Lakini Mzee Githinji alikuwa ameshachukua kofia yake kutoka magotini na kuivaa, kama mtu aliyekwisha kuona alichokuja kuona. Nimeripoti chaguzi nyingi, na nimeona watu wakishindwa kwa kosa dogo kuliko hilo.

"Dorine," akaita Mama Becky.

"Naam, Mama."

"Mbona umeniruka?"

"Nimekuheshimu, Mama Becky."

"Heshima gani hiyo? Sifuna umemsema. Chege umemsema. Ama mimi si mtu wa hii darasa? Wee! Sema yangu, na useme kwa sauti, hawa wazee wasikie."

Dorine akanyoosha mgongo. "Mama Becky akikasirika hunyamaza, na akinyamaza wengine huogopa kujibu. Nitamuuliza wa kwanza, na nitamngoja."

Mama Becky akakunjua mikono. Akasimama, akaigeukia kamati, na kwa Kiingereza, bila haraka, kila neno likiwa mahali pake, akasema: "Dorine has taken over from Mwalimu Gachau. We are staying."

Yaani Dorine amempokea Mwalimu, nasi tunabaki. Ndugu wageni, niliacha kuandika kwa sababu aliyekaa mbele yangu aliruka akaangusha kiti juu ya mguu wangu. Watu waliimba. Mzee Githinji hakuomba kura ipigwe. Alisema tu, "Kwaya itafute mahali pengine," na mwenyekiti wa kwaya, kwa heshima yake, alikuwa wa kwanza kumpa Dorine mkono.

Matunda mmeyaona. Wanafunzi wa Dorine waliokwenda kuhojiwa kiwandani mwezi uliopita wamepita wote, na wako hapa leo, simameni tuwaone! Mama Becky amepata kazi ya kushona sare za shule, baada ya kujieleza mwenyewe mbele ya bodi, kwa Kiingereza, bila mkalimani.

Mwalimu Gachau, nikusifu kwa jambo moja tu, kwa kuwa najua hupendi mengi. Wako viongozi ambao wakikaribia kuondoka humtafuta mrithi mdogo kuliko wao, ili watu wawalilie. Mheshimiwa, sitaji wadi ya mtu. Wewe ulimtafuta anayetosha, ukamwambia ukweli wote mbele ya watu, na ulipoona ameruka neno moja ulikataa kuketi, ingawa miguu ilikuuma. Ungeweza kumsaidia ukaendelea kana kwamba hukusikia. Je, tungekuwa na darasa leo?

Hakuna kilichobaki mkononi mwako, Mwalimu. Nenda Theta, ukapumzishe macho. Jumatatu jioni mlango huu utafunguliwa, viti vitajaa, Kiingereza kitasemwa, kibaya na kizuri, na hakuna atakayelazimika kukungoja.

Mmenipa masikio yenu na mmevumilia mwandishi kugeuka msemaji. Asanteni sana.