Ambrose Gushue, Aliyedaka Moto Juu ya Manhattan

Usiku wa Jumanne, tarehe 9 Oktoba 1928, mama mzazi wa marehemu, Honora Gushue, alikesha jikoni kwake hapa kijijini Conception Harbour akingoja telegramu ya pili. Ya kwanza ilisema: "Ambrose kaanguka. Yu hai. Din." Hata katika hofu ile jambo moja lilimchoma: habari za mwanawe alikuwa anazipata tena kwa Din Mahoney, mwenzake wa kazi. Kulipopambazuka telegramu ya pili ikafika. Ambrose alikuwa amekata roho hospitalini.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1899, mtoto wa kwanza wa Honora na hayati Thomas Gushue. Alisoma shule ya parokia hadi darasa la tano. Hesabu aliziweza, katekisimu ilimshinda. Masikio yake yalikuwa makali. Mama aliita mara moja tu, tena bila kupaza sauti, naye akaitika toka gatini.

Mwaka 1920 aliwafuata vijana wa ghuba hii New York, kusimamisha majumba ya chuma. Walifanya kazi wanne wanne. Din alichoma ribiti, misumari minene ya kuungia boriti, kwenye jiko la makaa mpaka zikawa nyekundu, akazirusha kwa koleo. Ambrose, amesimama juu ya boriti bila kamba, alizidaka kwa kopo, na wenzao wawili wakazigongomea. Akikosa moja, ilimuunguza yeye au ilimshukia mtu barabarani. Siku za barafu walipanda vilevile. Nyundo zile zilimla masikio, na kufikia mwaka 1925 alikuwa kiziwi. Wanne hao wakawa wanazungumza kwa vidole.

Tarehe 12 Novemba 1924 alimwoa Bride Hearn wa kijiji jirani cha Avondale, wakajaliwa binti, Monica. Mama hakumwonea Bride wivu. Mke huja kuchukua, hilo linajulikana. Wivu wake wote ulikuwa kwa Din.

Krismasi ya 1926 Ambrose alikuja naye nyumbani. Mama alimwuliza mwanawe kama aongezewe chai. Hakumsikia. Din akachezesha vidole, Ambrose akacheka mpaka akapaliwa.

"Umemwambia nini?" mama akauliza.

"Kwamba chai yako inaweza kuziba boti inayovuja, Mama."

"Mimi si mama yako. Wako yuko Avondale, nenda ukainywe yake."

"Yake ndiyo imenifukuza."

Ambrose alitazama mikono ya Din, si midomo ya mama yake. Mama akainuka, akaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Sheria yao ilikuwa moja: mmoja akikosekana, wote hawapandi. Oktoba hii Din aliugua mapafu. Msimamizi akasema wapande na mgeni au wote waondoke, nao wakapanda. Boriti iliyoning'inia kwenye winchi iliyumba nyuma ya Ambrose. Mgeni aliiona, akafanya ambalo yeyote kati yetu angelifanya: akapiga kelele.

Din, homa haijamtoka, alisindikiza jeneza kwa treni na meli. Mama alilipokea jeneza, yeye hakumpokea. Siku mbili za matanga Din alikaa uani kwenye banda la kuni.

Leo asubuhi mama alimfuata huko. "Miaka minane ulikuwa naye," alisema. "Kwa vidole vyenu, mimi nilikuwa nani?"

Din alishika kola ya shati lake, akakifunga kifungo cha juu, akakipapasa kidogo. "Hivi," akasema. "Upepo ukizidi alinifanyia hivi kila mara. Maana yake Mama anasema jifunge vizuri."

Mama alimtaka arudie. Akarudia. Uchungu wa wivu haukuondoka: jina hilo lilikuwa lake, na Din ndiye aliyekaa nalo muda wote huo.

Marehemu ameacha mama yake Honora, mjane wake Bride, binti yake Monica, na Din Mahoney, ambaye mama ameagiza atajwe hapa pamoja na wa nyumbani. Mungu ampe Ambrose mapumziko yasiyo na kelele.

Mlango wa mbele wa nyumba hii hufunguliwa kwa padri na kwa jeneza tu. Sisi wengine wote hupitia jikoni. Leo mama aliufungua mwenyewe, akamwita Din apite hapo, ashike jeneza upande wa kichwa.