Mwalimu Yordani na Kamba ya Misima

Kitendawili! Najua huko mliko mmeitikia: tega. Haya. Akikimbia kurudi kwao hafiki, akisimama ndiyo anafika. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Mmenipa Korogwe, nashukuru. Nitakaa nao kwanza.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Yordani Mhando, mzaliwa wa Dindira, mkazi wa Korogwe. Tumemzika Dindira wiki iliyopita. Alikuwa mwalimu wa wazamiaji. Narudia, wa wazamiaji, maana wengi mtaani walidhani anafundisha kuogelea.

Wanafunzi wake walishuka kina kirefu, wakijiandaa kwa kazi za chini ya bahari. Kule chini hewa ya mtungi hujipenyeza ndani ya damu. Ukipanda kwa pupa inafoka, kama soda uliyoitikisa ukaifungua. Mtu anapooza, au anakufa. Ndiyo maana mzamiaji hupanda kwa vituo. Anashika kamba, anasimama, anangoja hewa imtoke taratibu. Anapanda kidogo, anasimama tena. Kituo cha mwisho ndicho kirefu kuliko vyote, na ndicho kigumu, kwa sababu jua unaliona.

Kufundisha watu kusimama. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Mwalimu Yordani.

Alianzia uani kwake. Mwanafunzi anashika kamba iliyofungwa kwenye boriti, beseni la maji kichwani. Mwalimu anamzunguka akimchokoza. Anaita, "Jamani, ugali unapoa," na ugali upo kweli, na kisamvu kinanukia. Ukigeuka, umelowa, anza upya. Bintiye Loyce alikuwa mmoja wao. Anasema alilowa mpaka majirani wakamwonea huruma.

Kisha wakahamia upande wa Misima, kwenye shimo la machimbo ya zamani lililojaa maji. Huko mwanafunzi mwingine, Simeo, alifanya kosa ambalo mtoto aliyelelewa vizuri huku kwetu angelifanya. Yuko kwenye kituo, akamwona mwalimu wake anakuja kutoka chini. Akaiachia kamba ampishe mkubwa, kama mnavyompisha mzee kiti. Akaanza kuelea kwenda juu. Mwalimu alimdaka mguu.

Walipotoka, Simeo alitegemea shukrani. Akaambiwa, "Kwenye kiti nipishe. Kwenye kamba usimpishe mtu, hata baba yako."

Loyce alikuwepo. Alisikia.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, siku yenyewe. Loyce na Simeo walikuwa wametoka chini kabisa, wamefika kituo cha mwisho. Juu yao, kwenye chelezo cha mapipa, alikaa Mwalimu Yordani akiangalia kamba. Pembeni yake dada yake Yuditha, aliyekuja kutoka Handeni na chakula cha mchana.

Loyce aliona kiatu kinazama mbele ya uso wake. Katambuga ya tairi, kisigino kimelika upande mmoja. Alikijua kiatu kile, cha baba yake. Kisha kamba ikaanza kuvutwa. Ikavutwa tena, kwa nguvu, bila mpango. Akajua ni mkono wa shangazi yake.

Nyie mnajua. Shangazi akikuita, unaacha jembe shambani. Na Loyce aliliona jua, aliona kivuli cha chelezo kinayumba. Anasema miguu yake ilishaanza kupiga maji. Simeo ndiye aliyetangulia kuachia. Loyce akamkamata mkono, akaurudisha kwenye kamba, akaufunika na wake. Wakasimama. Kamba ikavutwa mara nyingine, halafu ikatulia. Kule kutulia, anasema Loyce, kulimuumiza kuliko kuvutwa. Wakasimama mpaka muda wao ukaisha.

Walipotoka, Mwalimu Yordani alikuwa amefariki. Moyo ulisimama.

Msibani Dindira maneno yalianza. Baba mdogo mmoja alisema mbele ya watu: baba anakata roho, shangazi anaita, na mtoto ananing'inia kwenye kamba, huo ni moyo gani? Loyce aliinamisha kichwa.

Yuditha ndiye aliyesimama. "Kamba niliivuta mimi," alisema. "Kaka akaushika mkono wangu. Akaniambia, 'Yuditha, waache. Wasimame.' Hakusema lingine. Sasa nyie mlitaka nizike wangapi?"

Baba mdogo yule akainuka, akamsogezea Loyce kiti chake.

Pole, Loyce. Pole, Yuditha. Poleni familia yote ya Mhando, na wewe Simeo. Mwalimu apumzike kwa amani. Nasi tuliobaki tujiulize, wasikilizaji wapendwa: anapotuita tunayempenda, na wakati haujafika, tunao mkono wa kushika kamba?

Jibu la kitendawili ni mzamiaji. Na katika ule mji wa Korogwe mlionipa, juzi nilipita kwenye ua wa marehemu. Simeo alikuwa amesimama chini ya boriti, beseni kichwani, macho mbele. Loyce alikuwa jikoni, anaita kwamba ugali unapoa.