Jumamosi za Injinia Melkizedek

Ukitoka stendi ya Karatu kuelekea geti la Ngorongoro, kabla lami haijaanza kupanda, kuna benchi limeegemea ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi. Hapo Hyasinta anauza kahawa, na hapo wazee watatu wanaanzia siku yao: Emilian, aliyeongoza watalii miaka thelathini mpaka akaitwa Darubini, Nehemia Gia, dereva ambaye gari lake liko gereji tangu mwaka juzi, na Raphaeli Pimamaji, fundi mwashi, mtu wa maneno machache. Alhamisi hiyo ukungu ulikuwa haujanyanyuka na magari ya watalii yalipita yamewasha taa. Jumanne walikuwa wamemzika Injinia Melkizedek, Mmachame aliyeoa kijiji jirani cha Mbulumbulu akagoma kurudi kwao. Jumatatu hadi Ijumaa alijenga barabara za serikali. Jumamosi alijenga bure: kisima Endabash, vyoo vya shule, na lile daraja la miguu kwenye korongo la Buger. Mvua za mwaka huu zilizoa kila kitu kwenye korongo lile, zikaliacha daraja.

— Mnajua kwa nini halikwenda na maji? — alianza Emilian.

— Simenti, — alisema Raphaeli.

— Fundi, kwako kila kitu simenti! Injinia alifuata tembo. Tembo havuki ovyo, anachagua pa kukanyaga. Injinia alilala porini wiki nzima anaangalia miguu yao. Nilimpeleka mimi.

— Acha kamba, Darubini, — alidakia Nehemia. — Ndani ya ile nguzo ya kulia kuna gia boksi ya Landrova. Nzima, na oili yake. Niliibeba mwenyewe kwa gari langu. Maji yakija kwa nguvu, daraja linapunguza gia.

— Linapunguza gia?

— Linaweka namba moja. Linanguruma kidogo, linatulia.

Hyasinta nusura amwage kahawa.

— Gari si liko gereji, kaka Nehemia?

— Siku hiyo nililitoa, dada.

— Hicho ni kitu kidogo, — Emilian aliinua kidole. — Yule bwana alikuwa anasimama ukingoni mwa kreta alfajiri, anahesabu mawingu. Yaliyoingia mangapi, yaliyotoka mangapi. Yanayobaki anayapigia hesabu, anapata urefu wa nguzo.

— Wazungu wakaja kumwomba hesabu hiyo, akawanyima. Walikuja na helikopta.

— Helikopta mbili, Nehemia. Sema ukweli.

Raphaeli alitazama kikombe chake. Jumanne, kaburini, alishika koleo akashindwa kutupa udongo, akasingizia vumbi la macho. Leo aliona heri uongo huu uendelee, maana ukikatika itabidi wakae kimya, na kimya hakukitaka.

— Alikuwa anaonja udongo, — alisema ghafla.

Wenzake wakageuka.

— Anaonja, anafumba macho, anakwambia nyumba yako itapasuka mwaka wa tisa, juu ya dirisha la jikoni. Ya kwangu aliionja.

— Ikapasuka?

— Mwaka wa nane. Nilipunja simenti.

Walicheka mpaka wakafuta machozi, na ya Emilian yalichelewa kukauka.

Hapo likaja pikapu jeupe, likasimama mbele ya benchi. Wote walilijua. Lilikuwa la Injinia. Akashuka mwanamke wa miaka kama thelathini, na Raphaeli akamtambua: Naomi, binti wa marehemu, yule aliyekuwa ameinamia jeneza Jumanne.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mwanangu. Pole sana na msiba. Karibu kahawa.

— Asanteni. Nimetumwa na mama. Nyie ndio wenzake baba wa kijiweni?

— Ndio sisi! — Nehemia alijitutumua. — Damu damu. Kazi zile za Jumamosi, tulikuwa bega kwa bega.

Naomi akatabasamu.

— Wewe ndiye baba Nehemia? Pole na shangazi.

— Shangazi yupi?

— Yule wa Endabash. Baba alisema ulimzika mara nne, zote Jumamosi.

Hyasinta aliziba mdomo kwa kanga.

— Na huyu ni baba Emilian, — Naomi aliendelea, — aliyestaafu, lakini kila Jumamosi anapata wageni wa ghafla kutoka Japani. Baba akirudi jioni na vumbi lake alikuwa anatuhadithia mezani, udhuru mmoja baada ya mwingine. Jumamosi kwetu hakuna aliyewasha televisheni. Hakuwahi kuwakasirikia. Alisema bila nyinyi angerudi nyumbani hana cha kuchekesha.

Emilian alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Raphaeli alitamani ukungu ushuke umfunike. Yeye alikwenda Buger siku moja tu. Ilipofika saa sita akashika kiuno, akarudi kwa bodaboda.

— Mimi ndiye yule wa mgongo, — alisema kabla hajatajwa.

— Najua. Baba alinipeleka kunionyesha mistari yako mitatu ya mawe, chini ya nguzo ya kushoto. Alisema katika daraja zima hakuna palipopangwa vizuri kama pale. Akasema, laiti ule mgongo ungevumilia mpaka jioni.

Raphaeli alikiweka kikombe chini. Safari hii hakusingizia vumbi. Aliacha machozi yashuke, na hakuna aliyemtania.

— Vyuma vya kushikilia pale darajani havijafungwa, — Naomi alisema. — Baba alivikata, vipo humo nyuma ya gari. Watoto wanavuka kwenda shule hawana pa kushika. Kesho kutwa ni Jumamosi. Sasa nauliza: safari hii mna udhuru gani?

Gari la watalii likapita, halafu jingine. Emilian alikuwa anasoma bati la duka kama gazeti.

— Shangazi… — Nehemia alianza.

— Muache apumzike! — Hyasinta akamkata.

Alitikisa birika. Kahawa ilikuwa imeisha, na hakuna aliyeinuka.

— Gari linaondoka saa ngapi? — Raphaeli aliuliza mwishowe.

— Saa kumi na mbili kamili asubuhi. Baba hakuwa anasubiri mtu, nami sitasubiri.

Jumamosi Raphaeli alifika saa kumi na moja na nusu, ameshika mfuko wa vifaa vyake, akijua atakuwa wa kwanza. Alilikuta pikapu tayari limewashwa. Emilian alikuwa nyuma, amekalia vyuma, kofia ya safari kichwani. Nehemia yuko kiti cha mbele, amefunga mkanda, anamweleza Naomi gia ya kutumia kwenye mteremko wa Buger.