Kibao Kipya cha Ciorstaidh

Benchi la Tairbeart, kisiwani Harris, liko chini ya dirisha la duka la mikate la Ciorstaidh, likitazama gati ya feri. Hapo Murchadh, aitwaye Nahodha ingawa hajawahi kuongoza chombo kikubwa kuliko mtumbwi wa makasia, na Coinneach, aitwaye Redio kwa kuwa hana kitufe cha kuzima, hunywa kahawa ya chupa na kubishana kwa Kigaeli, lugha ya kisiwa. Asubuhi hiyo ugomvi ulihusu kibao kipya cha duka: juu Kigaeli, Taigh an Arain, nyumba ya mkate, chini yake Kiingereza, kwa herufi ndogo. Ciorstaidh alikanda unga, masikio yote nje. Kaka yake alishamwambia: wageni watapita tu, na duka utafunga.

— Watadhani kanisa, alisema Nahodha.

— Kanisa afadhali! Redio akadakia. Watadhani zahanati. Mtu anaomba sindano, anapewa skonzi.

— Na herufi zote hizo, nusu hazitamkwi! Rangi bure. Haba na haba hujaza kibaba.

— Sasa hiyo inaingiaje hapo, bwana wee?

— Inaingia! Mgeni akijaribu kusoma, ulimi unapiga fundo. Inaitwa helikopta. Feri inasimamishwa. Kisiwa kizima kinakosa sukari!

— Ndo maana wahenga walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Ciorstaidh hakucheka. Feri ilikuwa imeshusha watu, nao walikuwa wakipita, mmoja mmoja, bila kugeuka. Moyo ukamshuka.

Kisha mama mmoja mwenye mvi akaweka sanduku chini, akakisoma kibao kwa sauti, polepole, bila kukosea. Akaingia.

— Hujambo, binti, alisema kwa Kigaeli. Skonzi nne. Mimi mzaliwa wa Scalpay, hapo ng'ambo. Miaka arobaini nimeuguza watu Glasgow. Unajua sijawahi kununua mkate kwa lugha ya mama yangu? Tulikuwa tukifika mlangoni mwa duka, tunaiacha, tunashika Kiingereza.

Nyuma yake walisimama vijana wanne wenye mabegi mgongoni. Walimsikia akisoma, wakataka kujua jina linatamkwaje. Ciorstaidh akawafundisha, wakakosea, wakacheka, wakabeba trei nzima. Akaegemea kaunta, akashusha pumzi ndefu.

Mama akatoka, akasimama mbele ya benchi.

— Nyie wazee mko hapa kila siku?

— Kila siku ya Mungu, ila Jumapili.

— Na mkate mnanunua kwa lugha gani?

Redio akajimiminia kahawa. Nahodha akaitazama bahari kama aliyemwona mtu anayemdai. Mama akasubiri, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Kahawa ikapoa. Hatimaye Nahodha akainuka, akaingia dukani, akasimama kama mtoto siku ya kwanza ya shule.

— Ciorstaidh, mwanangu, alisema kwa Kigaeli. Nipe ule mkate mmoja... ule wa ganda gumu, wenye mbegu juu. Tunauitaje?

Ciorstaidh akafikiri.

— Kwa Kigaeli hata mimi sijui, mzee wangu.

Wakatazamana, wakaangua kicheko. Redio naye akaja mbio na jina alilolibuni la mkate huo.